Kundi la Bila Waziri

Mume wangu hajawahi kuwa waziri wa chochote. Jina hilo alibandikwa na dada yake siku mume wangu alipotuketisha sote sebuleni kwa mama mkwe, akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa, akatutangazia kwamba kuanzia siku ile familia yetu itakuwa na mtandao wake yenyewe wa kutumiana ujumbe. "Haya, Waziri wa Mawasiliano kaongea," wifi yangu akasema, tukacheka, na jina likamganda. Hata mimi humwita hivyo nikiwa nimemkasirikia, yaani karibu kila siku.

Sababu alikuwa nayo, nisimwonee. Baba mkwe alipoanza kuumwa, majibu ya vipimo vyake yalipigwa picha yakawekwa kwenye kundi la familia, katika ile programu inayotumiwa na kila mtu. Shemeji yangu mdogo, ambaye vidole vyake hukimbia kuliko akili, alitaka kumtumia mkewe ile picha, akaituma kwenye kundi la wakazi wa mtaa. Kibofu, tezi, mkojo, kila kitu kikawa hadharani. Kabla hajaifuta, watu walishaanza kuandika pole zao, na kesho yake muuza mkaa alimsimamisha mzee njiani kumtajia mizizi ya kuchemsha. Baba mkwe alikuwa mtu wa kufunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni hata akimwagilia maua. Wiki nzima hakutoka nje.

Ndipo mwanawe akala kiapo. Yeye ni fundi wa kompyuta katika kampuni ya bima, na pale kazini walikuwa wanatupa mashine kuukuu. Akaomba moja, akaisafisha, akaileta nyumbani, akaiweka chumbani kwetu chini ya meza ninayopigia pasi. Hiyo ndiyo ikawa seva, mashine ambayo ujumbe wetu wote ungepitia. Sijui kama umewahi kulala chumba kimoja na seva. Inakoroma kama mtu mwenye mafua, na ina kitaa cha buluu kinachokukonyeza bila haya. Mimi ni mshonaji, vitambaa sikosi, nikawa nakifunika kwa kipande cha bitana.

"Ujumbe unafungwa kwenye simu ya anayetuma, unafunguliwa kwenye simu ya anayepokea," alitufundisha. "Hapa katikati ni vurugu tupu. Kampuni haioni, serikali haioni, na mimi mwenyewe sioni." Hayo maneno ya mwisho aliyapenda sana. Kila akiyasema aliweka kiganja kifuani.

Na hakusema uongo. Alichoacha kusema ni habari ya bahasha. Barua ikifungwa vizuri mtu wa posta haisomi, lakini anaona nani kamwandikia nani, na mara ngapi. Mwenye seva naye anaona hivyo hivyo. Anaona makundi yaliyopo, majina yake, na nani yumo. Hilo sisi hatukulijua, na sidhani kama alilificha kwa makusudi. Nadhani lilionekana kwake dogo mno la kuharibia hotuba.

Mambo mawili aliyakazania. La kwanza ni ngao. "Mkiona ngao nyekundu kwenye jina la mtu, mjue kaingia kwa kifaa kipya ambacho hakijathibitishwa. Msimwamini. Anaweza kuwa mwizi." La pili ni maneno ya kufungulia, yale maneno kumi na kitu yasiyo na maana ambayo kila mtu alipaswa kuyatunza. "Simu ikipotea, au ikitolewa kwenye akaunti, bila maneno haya hata mimi siwezi kuwarudishia ujumbe wa zamani." Sote tukayatunza isipokuwa mama mkwe.

"Mimi ya nini, na wewe upo?" akamuuliza.

"Haya mama, nitakuwekea mwenyewe nikitulia."

Hakutulia.

Kisha baba mkwe akalazwa hospitali ya mji mwingine. Mama mkwe miguu ilikuwa imevimba, safari haiwezi, kwa hiyo mzee akawa anamtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi kupitia mtandao wetu. Alipofariki, zile sauti zikabaki kwenye simu ya mama. Yeye ni mkunga mstaafu, nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake, na si mtu wa kulialia. Lakini ukifika kwake mapema unamkuta dirishani, simu sikioni, anatabasamu. Ukiingia, anaikumbatia simu kifuani mpaka umalize salamu. Siku moja nilimuuliza mzee alikuwa akisema nini. "Mambo yetu ya kizee," akanijibu, na akanituma jikoni.

Sasa huo mtandao wenyewe. Umeme ukikatika mtaani kwetu, familia nzima inakuwa bubu. Ujumbe wa "chakula tayari" unafika watu wakiwa wameshalala na njaa zao. Shemeji mdogo aligongwa na pikipiki, akaandika "njooni mnichukue", tukauona kesho yake yeye akiwa ameshafungwa bandeji na amenuna. Wifi simu yake ilitumbukia kwenye ndoo, akanunua nyingine, maneno ya kufungulia akakosea moja, picha zote za mwanawe mchanga zikageuka vijisanduku vya kijivu. Alipolalamika, mume wangu akamwambia, "Dada, si nilisema muyatunze vizuri?" Angenyamaza tu ingekuwa nafuu.

Wifi ndiye aliyefungua lile kundi. Akaliita Bila Waziri. Akatuingiza mama, shemeji mdogo na mkewe, na mimi. Ndiyo, tulilifungua humo humo kwenye seva ya mume wangu, maana mama hakuwa na programu nyingine; ile ya kila mtu mwanawe alishaiondoa kwenye simu yake. Tulijiona wajanja. Si alisema hata yeye haoni?

Kusudi lilikuwa jema. Tulitaka kurudi kule kwa watu wote, na tulikuwa tunatafuta namna ya kumwambia. Mama ndiye aliyekuwa anatuvuta shati. Alituma sauti: "Msimwaibishe. Alifanya haya kwa ajili ya baba yake. Tafuteni maneno mazuri, nitamwambia mimi." Basi tukawa tunatafuta maneno mazuri. Na katika kuyatafuta, tukaanza kumcheka. Wifi aliigiza kiganja kifuani, shemeji akatunga matangazo ya Wizara; mama vichekesho hivyo hakuwa anavifungua, simu yake ilikuwa ya sauti za mzee. Halafu mimi, mke wake, nikatuma kubwa kuliko yote. Fundi bomba alikuja kuziba sinki letu, na mume wangu akaanza kumweleza usalama wa ujumbe. Nikamrekodi nikiwa nyuma ya pazia. Maskini fundi alikuwa na kichwa chini ya sinki, anaitikia "ndiyo bosi, ndiyo bosi", maji yanamchuruzikia. Walicheka mpaka wifi akanipigia kuniambia amecheka mpaka machozi. Nilijisikia vizuri. Miaka yote niliyoolewa mle, ile ilikuwa mara ya kwanza kujiona ni mtu wa ndani kabisa. Nimelifikiria sana hilo tangu siku ile: niliingia ndani kwa kumtoa yeye nje.

Siku yenyewe nilikuwa kazini nikitia mikono kwenye gauni la bibi harusi, kitambaa cha kuteleza kisichotaka kushikwa. Haya ya upande wa mume wangu nayaeleza kama alivyoniambia mwenyewe baadaye. Seva ilikuwa imejaa, akaifungua akiwa kazini kwake ili apunguze. Akaona orodha ya makundi. Familia. Watoto. Ukarabati wa Paa. Bila Waziri. Akalifungua lile la mwisho kuona nani yumo. Akaona mama yake, dada yake, mdogo wake, shemeji yake. Akaona jina langu.

Aliniambia kwamba alikaa akilitazama jina langu mpaka mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa. Angeweza kunipigia. Angeweza kumpigia mama yake, akamuuliza tu. Badala yake alitumia cheo. Msimamizi wa seva anaweza kumbadilishia mtu nenosiri, na mama mkwe nenosiri lake hakuwa anajua hata lilipo, kwa hiyo asingegutuka. Akambadilishia. Pale chini kulikuwa na kisanduku kilichokwishatiwa alama, kinachosema vifaa vyote vya mwenye akaunti vitolewe. Yeye anakijua kisanduku kile kuliko anavyojua viganja vyake. Hakukiondolea alama. Alisema alikuwa na hasira, hakukiona. Namwamini. Nimeshamwona akiwa na hasira, haoni hata ukuta.

Akaingia kama mama yake. Akafungua Bila Waziri. Akakuta vijisanduku vya kijivu, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kimeandikwa kuwa ujumbe huu hauwezi kufunguliwa. Kazi yake ilikuwa imara. Mwizi aliingia akakosa cha kuiba, na mwizi ni yeye.

Mimi nikasikia simu inalia kwenye meza ya kukatia. Wifi kaandika kwenye kundi: "Mama, mbona una ngao nyekundu? Umeingia kwa kifaa gani?"

Nikaitazama ile ngao. Nikalibonyeza jina la mama kama tulivyofundishwa. Kifaa kipya, hakijathibitishwa. Jina la kifaa: Kompyuta ya Waziri. Ndiye aliyeiita hivyo mwenyewe zamani, kwa utani, na akasahau.

Nadhani sote tulibonyeza kwa wakati mmoja, maana hakuna aliyeandika neno. Halafu ikaja mistari midogo ya kijivu. Wifi ametoka kwenye kundi. Shemeji mdogo ametoka kwenye kundi. Mke wa shemeji ametoka. Nami nikatoka. Hayo ndiyo pekee mume wangu aliyobahatika kuyasoma mle ndani: watu wake wakimkimbia mmoja mmoja.

Wifi akanipigia. "Usimwambie mama ni nani kaingia. Lile jina lililomchokoza nililitunga mimi. Nitaficha wapi uso wangu?"

"Na ile rekodi nilituma mimi," nikamwambia.

"Basi tunyamaze wote."

Nikaliacha gauni likiwa na mkono mmoja. Nyumbani nilimkuta amefika kabla yangu, amekaa kitandani na viatu, kompyuta mapajani. Nilikuwa nimejipanga njiani, nimeandaa maneno makali kuhusu mtu anayeingia kwenye simu ya mama yake mzazi. Alipoinua uso yakaniishia.

"Bila Waziri," akasema. "Na wewe umo."

"Nimo."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Tulikuwa tunatafuta jinsi ya kukuambia kwamba mtandao wako umetushinda."

"Basi?"

Ningeweza kuishia hapo. "Na tulikuwa tunakucheka," nikasema. "Mimi hasa. Ile siku ya fundi bomba nilikurekodi."

Hakutoa povu. Alitazama kile kitambaa changu cha bitana kwenye kitaa, kama ndiyo kwanza anakiona. Nilijua namna ya kugombana naye, lakini namna ya kumtazama akiwa vile sikuijua.

Mlango ukabishwa hodi.

Alikuwa mama mkwe, akapitiliza mpaka chumbani kwetu. Amekuja kwa miguu yake ile mibovu, jua kali, simu ameifunga ndani ya leso kana kwamba ni kifaranga kilichovunjika mguu. Hakukaa hata nilipomsogezea kiti.

"Mwanangu, nisamehe," akamwambia mume wangu. "Nimeiharibu."

"Nini mama?"

"Simu. Asubuhi ilikuwa nzima, nimemsikiliza baba yako vizuri tu. Nimekuja kuishika mchana inaniambia niingie. Niingie wapi, na mimi nipo ndani? Sijui nimebonyeza nini. Mjukuu wa jirani kaniuliza nenosiri, nikaona hata aibu. Wewe ulihangaika kutufundisha, na mimi kichwa changu hiki."

Nilimwona mume wangu akielewa. Mpaka dakika ile alikuwa amefikiria kundi tu, na jina lake, na mimi. Zile sauti zilikuwa hazijamjia akilini. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

Akakaa nayo. Akaandika nenosiri alilolitunga yeye mwenyewe saa chache kabla, simu ikafunguka, na jina la baba mkwe likaonekana juu kabisa. Akaligusa. Vijisanduku vya kijivu. Akapandisha, akapandisha, asubuhi moja baada ya nyingine, kijivu kitupu. Zote zilikuwapo, zimefungwa kama alivyotuahidi, na ufunguo ulifutika pale alipoitoa simu ile ile kwenye akaunti.

"Simu ya baba," nikanong'ona. "Si ilikuwa na zake?"

"Niliifuta," akasema. "Kabla ya kumpa mdogo wangu. Niliifuta mara mbili, isije ikaangukia mikono ya watu."

"Mnasemaje?" mama akauliza.

"Ni seva, mama," mume wangu akamjibu. "Imeleta hitilafu ndogo. Si wewe."

Hapo ndipo ningesema. Nilisimama mita moja kutoka kwa yule mama ambaye ananiita mwanangu. Kama angejua nani kaitoa simu yake angejua na kilichomchokoza, na mle kundini mimi nilikuwa nimefanya nini. Nikachukua birika lililokuwa kwenye meza ya pasi, nikajifanya natafuta maji ya kuweka. Tulikuwa familia nzima sasa ya watu walionyamaza, kila mmoja kwa aibu yake, na mzigo wote tumemwachia mama aubebe.

Mama mkwe alisogea karibu na mwanawe. "Basi nielekeze vizuri," akasema kwa upole. "Nilibonyeza wapi, ili nisirudie tena. Maana nakujua, unanifichia nisijisikie vibaya. Nionyeshe tu. Sitaudhika."

Mume wangu ni mtu mrefu. Aliteremka kutoka kitandani akakaa sakafuni, miguuni pa mama yake, pembeni ya ile seva inayokoroma.

"Ni mimi," akasema. "Niliona mna kundi mmenitenga. Nikataka kusoma. Nikabadilisha nenosiri lako nikaingia kama wewe, na simu yako ikatolewa. Sikuweza kusoma kitu. Na sauti za baba hazifunguki tena, mama. Hazitafunguka. Nilisema nitakuwekea yale maneno na sikukuwekea."

Nami nikaweka birika chini nikasema yangu, yote, hata pazia nililojificha nyuma yake.

Mama mkwe sasa ndipo alipokaa. Alinyoosha leso kwenye magoti yake, akaikunja, akaikunja tena.

"Ungeniuliza," akamwambia. "Ningekupa simu usome. Mwanangu kabisa, ningekunyima nini?"

Mume wangu akalia. Sijawahi kumsikia akilia hata msibani. Mama hakumnyamazisha wala hakumkemea. Alisubiri, nadhani kama alivyokuwa akisubiri wanawake wale wodini, kisha akaigusa ile simu mkononi mwake.

"Niwekee ile ya watu wote."

"Mama, ile..."

"Niwekee."

Akaiweka. Ikauliza kama inaweza kuona majina ya watu wote aliowahifadhi. Ikauliza habari ya picha, ikauliza habari ya maikrofoni. Kila swali lile nimewahi kulisikia likihutubiwa nusu saa, kiganja kifuani. Alibonyeza Kubali. Kubali. Kubali. Kisha akaipangusa simu kwa upindo wa shati lake, ilikuwa imelowa, akampa.

Nikamsindikiza mama mpaka mlangoni, na mume wangu akaja nyuma yetu. Alikuwa na swali, na nilijua ni lipi kabla hajafungua mdomo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalo.

"Mama," akasema, "baba alikuwa anakuambia nini asubuhi?"

Mama mkwe aliitia simu ndani ya leso. Alimtazama, si kwa hasira, na nikaona jinsi alivyofanana na mwanawe kwenye paji la uso.

"Si ulituahidi hakuna atakayesikia ila mimi na yeye?" akasema. "Basi, hakuna."

Akashuka ngazi polepole, mkono ukutani. Mume wangu alirudi chumbani, akapiga magoti chini ya meza yangu ya pasi, na nikasikia ile mashine ikinyamaza.